Ukuta Uliosubiri Sakafu

Mwaka jana, katika matanga ya Bi Somoe pale Mikindani, nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nyuma ya vijana waliokuwa wakinywa chai kwa maandazi, nikawasikia wakinizungumzia bila kujua kwamba nipo. Mmoja wao, ambaye wenzake walionekana kumwamini, alieleza kwamba mume wa marehemu, fundi Issa Likwata, aliuawa na kinywa cha Mngoni mmoja mzee. “Alimwambia, kesho nakuzika humu. Na kesho yake kweli, ukuta huo! Wale watu wa Songea wana ndimi, usiwaone wamevaa tai.” Mwenzake akauliza kama huyo Mngoni bado yu hai. “Ah, alishakufa zamani,” akajibu yule mjuzi, “naye hakufa vizuri.” Nilimaliza chai yangu, nikarudisha kikombe kwa akina mama waliokuwa wakiosha vyombo, nikawaamkia wazee waliokuwa kwenye mkeka, nikarudi nyumbani kwangu Mtwara mjini. Sikuwasahihisha. Mtu akisahihisha uvumi msibani anaanzisha uvumi wa pili.

Sipendi habari isiyo na mwenyewe. Miaka yote niliyoitumikia serikali kama injinia wa majengo, aliyekuja kuniambia kwamba daraja limepasuka nilimuuliza kwanza kama ameliona kwa macho yake, na kama hakuliona nilimwomba atoke aniache nifanye kazi. Walioniona mkali hawakukosea. Habari ya wale vijana ilikuwa ya namna hiyo hiyo, imepita midomo mingi hata imepoteza sura. Sikutabiri chochote, ukuta haukuanguka kesho yake, na nadhani inaonekana kwamba sijafa. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo moja la kweli: maneno ya kumzika Issa niliyasema, na niliyasema mimi. Kwa kuwa waliokuwapo wanapungua, na Bi Somoe alikuwa wa mwisho aliyeyajua yote, nayaandika hapa kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo sikuyaona ila niliyasikia, nayo nitayataja kuwa hivyo.

Wenzangu wanapoandika mwaka uliowaumba huandika mwaka wa ujana. Mimi mwaka ulionifinyanga ulinikuta na mvi. Nilikuwa nimestaafu karibuni, sijazoea kuamka bila ofisi, na Mtwara nzima ilikuwa ikizungumza gesi. Ukienda sokoni ni gesi, ukienda kanisani padri anahubiri juu ya gesi, na kila mwenye kiwanja alijiona tayari ana hoteli. Katika joto hilo, Bwana Twaha, mwenyeji wa Mikindani aliyekuwa akiuza vipuri kwa muda mrefu, alikata shauri kwamba hao wageni wa gesi waliokuwa wakienda na kurudi visimani Msimbati watahitaji magari, na magari yatahitaji mahali pa kutazamwa. Akaniita nimsanifie shorumu. Neno alilitamka hivyo, kwa upole, kama jina la mtoto aliyemsubiri. Kiwanja alichokinunua kilikuwa juu ya kilima, ubavuni mwa barabara iendayo mjini, kikitazama ghuba. Kilianza usawa wa lami, kikaenda hatua chache kwa adabu, kisha kikaporomoka kuelekea bondeni kama mtu aliyekosa ngazi.

Alitaka mambo mawili yasiyopatana. Kwanza, sakafu ya magari iwe usawa wa barabara, mbele kioo kitupu, ili apitaye aone gari lote hadi tairi, na gari liingie bila kupanda wala kushuka. Pili, chini ya sakafu hiyo, upande wa bondeni, apate gereji pana isiyojaa nguzo. Nilitembea juu ya mteremko ule siku nyingi nikiwa na kamba na vigingi. Mwishowe nikaugawa. Nusu ya juu ya jengo ingekaa juu ya udongo wa kujaza, na nusu ya chini ingekaa juu ya nguzo, fupi karibu na kilima na ndefu kuelekea bondeni. Katikati ungesimama ukuta wa zege wa kuzuia udongo. Hapo ndipo nilipojivunia. Ukuta unaosimama peke yake mbele ya udongo mwingi lazima uwe mnene, wenye mguu mkubwa, nao ungekula gereji ya Bwana Twaha. Wangu niliufanya mwembamba, kwa sababu juu yake ingepita sakafu ya zege, na sakafu hiyo ingeushika kichwani. Fikiria mtu anayesukumwa kifuani na umati. Akiwa peke yake ataanguka chali, lakini akishikwa mabegani kwa nyuma atasimama siku nzima. Sakafu ndiyo ingekuwa mikono ya kumshika. Sharti lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kwenye ramani: udongo usijazwe nyuma ya ukuta mpaka sakafu ya juu imwagwe na ikomae.

Ujenzi alipewa Issa Likwata. Alikuwa rika langu, Myao wa asili ya Tunduru aliyezaliwa Mikindani, mwenye cheti cha ufundi na kifua cha mpiga makasia, na alisoma ramani bila tabu. Kwa kuwa sikutaka kwenda na kurudi mjini kila siku, nilipanga chumba cha mbele katika nyumba yake, nikakifanya ofisi na, mara nyingine, malazi. Nakikumbuka chumba kile vizuri kuliko nyumba nilizoishi miaka kumi. Kuta zake zilikuwa za mawe, nene kadiri ya urefu wa mkono wangu, zenye vishubaka vya kuwekea taa na kitabu. Meza yangu ya kuchorea niliiweka chini ya dirisha la nondo za mbao. Nyuma ya kitanda palikuwa na mlango wa zamani wa kuingilia uani, ambao Issa alikuwa ameuziba kwa mbao tu, akisema ataujenga kazi ikipungua. Kupitia mbao zile ilinijia harufu ya samaki na kisamvu cha nazi, na kila neno lililosemwa upande wa pili. Mimi siyo msikilizaji wa maneno ya watu. Nilipokuwa nikisikia sauti za Issa na mkewe zinaanza, niliinama zaidi juu ya karatasi zangu.

Siku ya kwanza kabisa Issa aliingia kuona kama nimeridhika na chumba. Akaniuliza, “Injinia, kwenu hasa ni wapi?”

“Songea.”

“Songea ya kupita au Mngoni wa kweli?”

“Mngoni,” nikasema.

Issa alinyoosha mkono, akatungua kofia yangu kwenye msumari, akaivaa, akatoka. Nilimfuata hadi barazani nikidai kofia yangu kwa sauti niliyoitumia kwa makarani. Vibarua walikuwa wamekaa pale wakingoja maelekezo. “Mnamsikia?” Issa akawaambia. “Babu zake walichukua ng'ombe wa babu zangu, hawajarudi mpaka leo. Naye analilia kofia!” Wakacheka hadi mmoja akashika nguzo. Nilikuwa nimeghadhibika kweli. Ndipo sauti ya mkewe, Bi Somoe, ikatoka ndani, “Shemeji, usiidai. Ukiidai umekata undugu. Mchukulie na wewe cha kwake.”

Kwa asiyejua, nieleze. Wangoni na Wayao walipigana enzi za mababu, na wajukuu wamerithi utani: ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana kofia na chakula, na kuombeana kifo hadharani bila mtu kukasirika. Pamoja na ruhusa hiyo wamerithi wajibu. Mmoja akifa, mtani wake husimama mbele ya jeneza, akalizuia, akamtania maiti, mpaka waliokuwa wakilia wacheke. Mambo hayo niliyajua kwa kusoma na kwa kusikia, lakini ofisini nilikuwa nimekaa mbali nayo. Nilidhani mtu msomi hana haja nayo. Kesho yake, kwa kumtii Bi Somoe, niliichukua sahani ya ming'oko ya Issa pale saiti, ile mizizi ya porini inayochemshwa kwa chumvi, nikaila yote huku ananitazama. Kisha akasema, “Alhamdulillahi. Kumbe ni mtu.”

Kuanzia hapo sikuwa na raha kubwa kuliko ile. Nitasema kweli: sikuwa na kipaji. Nilikuwa nikitayarisha utani wangu jioni kama nilivyotayarisha mahesabu, nikiupima, nikiukata. Asubuhi nilikwenda nao saiti, nikautoa, na Issa alikuwa akiuonja kama mpishi. “Huu umeuchemsha sana, Mngoni, umekuwa uji.” Au, “Huu wa jana, umeupasha moto.” Yeye wake ulimtoka kama pumzi. Akiniona nashuka mteremko kwa tahadhari aliwaita vibarua waje watazame shujaa wa vita akiogopa majani. Nikimwambia kwamba Myao, mjukuu wa wachuuzi, akionyeshwa chumvi husahau jina la mamaye, alijibu kwamba Mngoni hana hofu hiyo, kwani mamaye mwenyewe alitekwa hakumbuki wapi. Mchana tulikula pamoja ugali wa muhogo na dagaa, na kila siku aliniahidi kwamba nikifa atanizika kwa tai yangu, maana sanda ni mali. Nami nilimwahidi kwamba yeye nitamzika wima, asije akachukua eneo. Vibarua, ambao walikuwa Wamakonde na Wamakua wengi wao, walijifunza kungoja zamu yangu kwa huruma, kama watu wanaomwangalia mtoto akijifunza baiskeli.

Ukuta ulisimama vizuri. Zege lake lilikuwa safi, bila mapengo, na jua la jioni lilipoupiga niliupenda. Tulikuwa tukifunga nondo za sakafu wakati lilipozuka jambo la kifusi. Udongo mwekundu tuliouchimba ulikuwa umelundikwa juu, ukingoni mwa lami, na wenye magari walilalamika. Wakaja watu wa barabara wakataka uondolewe kabla mvua haijaanza kuushusha barabarani. Bwana Twaha, kwa upande wake, alikuwa amesikia kwamba magari yake yamepakiwa melini. Nafasi tupu ilikuwa palepale, hatua chache tu: nyuma ya ukuta. Sikumlaumu Issa wakati ule, wala simlaumu leo. Mtu mwenye lundo la udongo na shimo linaloungoja udongo huo huo, akaambiwa aupeleke kwanza mbali kisha aurudishe, anaona kwamba anatumwa na mtu asiyebeba.

Nilifika saiti alasiri moja nikakuta wameanza kumwaga. Udongo ulikuwa umefika kimo cha magoti ya ukuta, hauna madhara bado. Issa alikuwa amesimama juu, mikono kiunoni, vibarua wamemzunguka. Nilikuwa na mambo mawili moyoni kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa sharti la ramani. La pili, naona haya kuliandika, lilikuwa utani niliokuwa nimeutunga njiani. Nikayafunga yote mawili katika sentensi moja. Nikamwambia, “Issa, endelea kujaza udongo kabla ya sakafu, nami nitakuzika humu humu nyuma ya ukuta, bila sanda, Twaha apaki gari juu yako.”

Pakalipuka kicheko. Sijawahi kuchekewa namna ile, kabla wala baada. Kibarua mmoja alitupa koleo. Issa alipiga makofi, akaja akanikumbatia, akawaambia, “Leo Mngoni ameiva! Jamani, leo ameiva!” Kisha akanigeukia, “Gari lenyewe liwe jipya, mtani. Usije ukanipakia la mtumba.” Nami nilicheka. Niliondoka pale nikiwa bado nacheka. Tume iliyokaa baadaye iliniuliza kama nilimwonya fundi, nikajibu kwamba nilimwonya. Wakaniuliza kwa maneno gani, nikayatoa neno kwa neno, kwa kuwa sijui kutoa ushahidi kwa namna nyingine. Mjumbe mmoja akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi, akaomba maji. Wakaamua kwamba alionywa. Wanasheria wote niliowahi kuwauliza wanasema uamuzi ule ni sahihi, na mimi mwenyewe, ningekuwa kwenye kiti chao, ningeamua hivyo hivyo.

Lakini tume haikulala katika chumba changu. Jioni ile ile nilikuwa mezani, nimeletewa sahani yangu, nikasikia upande wa pili wa mbao Issa akimsimulia mkewe. Aliigiza sauti yangu, na kwa kweli aliipata. Alipofika kwenye gari la Twaha akashindwa kumaliza kwa kucheka. Bi Somoe naye alicheka. Kisha nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

“Na kama anasema kweli?” akauliza.

“Nani, Mngoni?”

“Si ndiye mwenye ramani?”

“Mama Hadija, mtani akisema kweli hubadilisha uso. Mimi nilimtazama. Uso wake ulikuwa unacheka.”

“Kamuulize. Si yuko hapo tu?”

“Nikamuulize nini? Kwamba, samahani mtani, unapanga kunizika? Atanicheka mpaka Idi.”

Haya sikuambiwa na mtu. Niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa na tonge mkononi, umbali wa mbao mbili. Katika kazi yangu ushahidi bora kuliko huo haupatikani. Nilijua kwa hakika kwamba onyo langu halikufika. Nilijua pia ni kitu gani kingelifikisha: kuinuka, kuzunguka kwa barazani, kubisha hodi, na kusema kwa uso wangu wa ofisini, Issa, yale ya mchana ni ya kweli, acha kujaza. Sikuinuka. Sababu niliyojipa ilikuwa ya heshima sana. Nilijiambia kwamba maneno yale hayakusemwa kwangu. Ni ya mume na mke, na muungwana hachukui hatua juu ya maneno aliyoyapata ukutani. Kama Issa ana swali, aje aniulize. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote kwa kanuni hiyo na sikuona kwa nini niivunje kwa ajili ya chakula cha jioni. Ile sababu nyingine, kwamba sikutaka kuuondoa utamu wa kicheko cha mchana, niliitambua baadaye, nayo ndiyo nzito zaidi. Nilimaliza sahani. Alikuwa samaki, changu wa kukaanga. Asubuhi niliamkia Naliendele, ambako nilikuwa nimeahidi kutazama ghala lililopasuka sakafu, na kazi ile ikanishika hadi mwisho wa juma.

Mvua ya kwanza ilininyeshea huko huko. Ilikuwa kubwa, ya radi, na udongo ule mwekundu ukishiba maji huwa mzito na hausimami, huegemea. Nilipolikumbuka hilo nilikuwa tayari ndani ya gari. Nilipofika kilimani, ukuta ulikuwa umelala, na watu walikuwa wamekwisha kumtoa Issa chini yake.

Yaliyotokea niliyakusanya kwa kuwauliza vibarua mmoja mmoja, kila mtu mbali na mwenzake, na haya ndiyo waliyoafikiana. Udongo ulikuwa umejazwa karibu na kichwa cha ukuta. Asubuhi mvua ilipopungua Issa alishuka upande wa gereji, akaukuta ukuta umeinama kidogo kuelekea bondeni, na ufa mwembamba kama uzi umepita chini yake. Hakukimbia. Aliwaamuru vibarua wote wapande juu, akataka mirunda, ile miti mirefu tuliyotumia kusimamishia mbao za zege, akaanza kuuegemeza ukuta yeye mwenyewe, mti baada ya mti. Alikuwa akifanya kazi ambayo sakafu ingeifanya. Kwa hiyo alikuwa ameuelewa mchoro wangu, angalau mwishoni, kuliko ulivyopata kueleweka na mtu yeyote. Nilikwenda kuitazama miti ile chini ya kifusi. Ilikuwa imekaa sawasawa, pembe nzuri. Haikutosha tu.

Liko jambo moja ambalo hawakuafikiana. Kijana aitwaye Selemani, Mmakua wa Mikindani, alinieleza kwamba alipokuwa akimpitishia mti wa mwisho kutoka juu alimsikia Issa akisema, “Kumbe Mngoni hakuwa anatania.” Wengine wawili waliokuwa karibu naye hawakulisikia neno hilo. Mvua ilikuwa ikinyesha, na Selemani alipenda kusimulia. Mtu mmoja, bila wa kumthibitisha: ushahidi wa namna hiyo ningeutupa katika shauri lolote. Nimeutupa mara nyingi. Kila nikiutupa unarudi, kwa kuwa kama Issa alisema hivyo basi alikufa akijua kwamba nilimwambia kweli nikicheka, na kama hakusema, alikufa bado akiningojea nije nimtanie. Miaka imepita na sijaweza kuchagua ni lipi afadhali.

Tulimzika siku ile ile, alasiri, mvua ikiwa imekatika. Nilikaa kwenye baraza ya jirani, nikiwa nimevaa nguo zenye tope la Naliendele. Hakuna aliyenitazama vibaya. Walinipa mkono wa pole kama mfiwa. Jeneza lilipotolewa mlangoni likasimama, na watu wakageuka kutafuta, kwa kuwa pale mtani anatakiwa asimame. Nilitazama miguu yangu. Ndipo Hadija, binti yake mkubwa, akaja akapiga goti mbele yangu. “Baba, mama anasema usimuache mwenzako aondoke kimyakimya kama mtu asiye na watu.”

Niliinuka. Nilisimama mbele ya jeneza, na watu wakasogea kunipa nafasi. Sikuwa nimetayarisha kitu. Nikasema, “Msimpitishe huyu. Ana kazi yangu hajaimaliza.” Wakacheka kidogo, kwa machozi, kicheko cha watu waliokuwa wakikihitaji. Ndipo nilipoona kwamba nafasi ile ni ya pekee, kwamba hakutakuwa na mahali pengine ambapo wote watanisikiliza kwa pamoja, na nikasema kweli. Nilisema kwa sauti, nikiwa nimeuelekea mlango ambako wanawake walikuwa ndani. “Nilimkataza kujaza udongo, na nilimkataza huku nacheka. Jioni nikamsikia akikwambia, Somoe, kwamba natania. Nilikuwa upande wa pili wa mbao, nikila samaki wako, na sikuinuka kuja kumwambia. Mnayemtafuta ni mimi. Mtoeni huyo humo, mniweke mimi.”

Walicheka. Walicheka kwa nguvu, hata wazee waliokuwa wameshika tasbihi. “Mngoni huyo!” mtu akapaza sauti nyuma. “Wazikeni wote wawili, nafasi ipo!” Mwingine akasema, “Ila tai ibaki!” Nilijaribu tena. Nilisema, sitanii. Hilo ndilo lililowachekesha kuliko yote, maana kila mtani hulisema. Nilikuwa nimesimama pale na uso wangu mwenyewe, ule mkali wa ofisini, ambao kama ningeupeleka kwa Issa jioni ile ningekuwa nimemwokoa, nao sasa haukufaa kitu. Ndipo sauti ya Bi Somoe ikatoka nyuma ya pazia, si kubwa, haitetemeki. “Mpisheni mume wangu apite. Mtani amekwisha kusema.” Watu wakacheka tena, wakidhani na yeye ameingia katika mchezo. Sikuuona uso wake. Aliishi miaka yote iliyofuata, kila Idi nilikwenda kumwamkia, kila Idi aliniandalia chakula, na hata siku moja hatukulitaja. Sijui alinisikia kama wengine walivyonisikia, ama alinisikia kama nilivyosema. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumuuliza.

Jeneza likanyanyuliwa. Mtani ana haki ya kubeba, nami nikaidai. Njia ya kwenda makaburini inateremka, ina mawe, na siku ile ilikuwa na utelezi. Jeneza likiteremka, walio mbele hubeba zaidi ya walio nyuma. Jambo hilo halihitaji ushahidi wa mtu. Nilikuwa nimewekwa nyuma kwa sababu ya umri wangu. Nikatoka, nikapita kando ya watu hadi mbele, nikamgusa bega kijana aliyekuwa upande wa kushoto, nikamwomba anipishe.

“Mzee, huku mbele ndiko kuzito,” akaniambia.

Nikamjibu kwamba najua. Akacheka, akanipisha.